Mwenge, mkesha na saa ya simu: Tangazo la muda linavyopimwa upya Itigi

Na Mwandishi Wetu, Itigi

Kwa miaka mingi, mwananchi wa Itigi aliyeitwa kwenye mkutano wa hadhara saa 4:00 asubuhi alijua namna ya kuusoma mwito huo. Angemaliza kazi ya shambani, angeoga, angeuliza njiani kama magari ya wageni yamekwisha kupita, kisha angefika saa 6:00 mchana na kuukuta mkutano ndio kwanza unaanza. Hakuna aliyemwona mchelewaji. Muda uliotangazwa ulikuwa mwito wa kukusanyika, wala haukuchukuliwa na upande wowote kuwa ahadi ya kuanza.

Hali hiyo imebadilika, na kilichoibadilisha hakikutoka katika waraka wowote. Tangazo lilelile sasa huingia katika kundi la WhatsApp la kijiji likiwa picha yenye nembo ya Taifa, jina la ofisi, tarehe na saa. Husambazwa, huhifadhiwa na hubaki kwenye simu hata baada ya shughuli kwisha. Mgeni rasmi akifika saa 7:30 mchana, ushahidi wa saa 4:00 umo viganjani mwa watu, na pembeni yake ipo picha iliyopigwa saa 5:00 ikionyesha meza kuu ikiwa tupu.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa dogo, suala la adabu ya saa tu. Uchambuzi huu unalitazama kwa jicho jingine. Kukua kwa mitandao ya kijamii kumegawa upya gharama ya kusubiri. Mwenye simu janja na bando husubiri akiwa nyumbani au dukani kwake, akifuatilia matangazo ya mubashara. Asiye navyo husubiri juani, na pengine kwa saa nyingi kuliko alivyosubiri zamani. Kwa shughuli za umma zinazochukua siku nzima, usiku kucha au wiki nzima, tofauti hiyo haiishii kwenye uchovu wa miguu. Inaweza kumkosesha mtu huduma, na wakati mwingine haki.

Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zinaonyesha kasi ya mabadiliko yenyewe. Laini zinazotumia huduma ya intaneti nchini ziliongezeka kutoka takriban milioni 36 Desemba 2023 hadi takriban milioni 48 Desemba 2024. Ni kweli kwamba laini si mtu, kwa kuwa wengi wetu tuna laini mbili au tatu. Hata hivyo ongezeko la milioni 12 katika mwaka mmoja ni kubwa kwa kipimo chochote. Mei 13, 2023 ulitiwa saini jijini Dodoma mkataba wa kujenga minara 758 ya mawasiliano katika kata 713 za vijijini, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mnara ukisimama katika kata, tangazo la halmashauri halisubiri tena baiskeli ya mtendaji. Lakini mnara hauwapi watu wote simu janja kwa siku moja, na hapo ndipo mgawanyiko unapoanzia.

Siku moja ya Mwenge

Hakuna shughuli ya umma inayolidhihirisha jambo hili kama Mbio za Mwenge wa Uhuru. Mwaka 2024 mbio hizo zilizinduliwa Aprili 2 mkoani Kilimanjaro na kuhitimishwa Oktoba 14 mkoani Mwanza. Mwaka 2025 zilizinduliwa tarehe hiyohiyo ya Aprili mkoani Pwani, na kuhitimishwa Oktoba 14 mkoani Mbeya. Katika kipindi hicho cha miezi sita na nusu, Mwenge hupita katika halmashauri 195 za Tanzania Bara na Zanzibar, maana yake kila halmashauri hupata takriban siku moja. Ratiba ya namna hiyo haina pa kupumulia. Halmashauri ikichelewa kukabidhi asubuhi, jirani yake ameanza siku akiwa nyuma.

Halmashauri ya Wilaya ya Itigi, iliyomo katika Wilaya ya Manyoni, ni miongoni mwa zile ambazo ramani yake inatisha mpanga ratiba. Itigi yenyewe ni mji wa reli: Reli ya Kati iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na mji huu uko kati ya Manyoni na Tabora. Ukiondoka mjini kuelekea kusini unaingia katika barabara ndefu inayokwenda Rungwa na kuendelea hadi Makongolosi mkoani Mbeya. Njiani kuna vichaka vizito vya Itigi, maarufu kwa wataalamu wa mimea duniani, kisha Pori la Akiba Rungwa. Makazi yametawanyika. Kituo kimoja cha ratiba na kinachofuata vinaweza kutenganishwa na mwendo ambao kwenye karatasi huonekana mfupi, na barabarani hugeuka kuwa kitu kingine kabisa, hasa lori likikwama mbele.

Katika kila kituo kuna jambo la kufanywa: kuweka jiwe la msingi, kuzindua, kukagua, kutoa salamu. Viongozi wa mbio hufungua majalada ya mradi, huuliza risiti na mikataba, na huweza kukataa kuzindua mradi wasioridhika nao. Ukaguzi huo ukiongeza dakika 20 kwenye mradi wa maji, hakuna wa kulalamika. Pengine hizo ndizo dakika zenye faida kuliko zote katika siku nzima. Ila dakika 20 katika vituo sita ni saa mbili. Kijiji cha saba kitaupokea Mwenge saa mbili baada ya muda uliotangazwa, na hakuna aliyefanya kosa.

Zamani watu wote wa kijiji cha saba wangesubiri pamoja. Leo sivyo. Msafara ungali kwenye kituo cha tatu, tayari kuna mtu anayerusha picha mubashara. Mwenye duka la dawa katika kijiji cha saba anaiona, anakadiria, anaendelea kuuza. Kijana wa bodaboda anaiona, anachukua abiria wengine wawili. Hao watafika uwanjani dakika kumi kabla ya msafara, wakiwa wamekunywa chai. Waliopo uwanjani tangu saa 3:00 asubuhi ni wanafunzi waliopangwa kando ya barabara na walimu wao, wanakwaya, vikundi vya ngoma, akina mama waliobeba watoto, na wazee walioambiwa saa na mwenyekiti wa kitongoji kwa mdomo. Kwao hakuna mubashara. Kuna tangazo la jana tu.

Hapa ni lazima kusemwe jambo ambalo waandaaji wa shughuli hulijua na mara chache hulizungumza hadharani. Mara nyingi muda unaoandikwa kwenye tangazo si ule ambao mwandaaji anautarajia. Shughuli ya saa 4:00 hutangazwa kuwa ya saa 2:00 “ili watu wawahi”. Wananchi nao, wakiujua mchezo huo, huongeza saa mbili zao. Kila upande unajilinda dhidi ya mwenzake, na kwa muda mrefu hesabu hiyo ya siri ilifanya kazi kwa sababu wote waliijua. Mubashara umeivunja. Wenye simu wamepata saa ya kweli, waliobaki wameachiwa saa ya tangazo, na anayeadhibiwa ni mtiifu, yule aliyefika saa aliyoambiwa.

Saa mbili tofauti mkononi

Tatizo la pili ni la lugha, nalo linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa kuwa matangazo mengi hukwama hapo.

Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Saa 1 asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, saa 1 usiku ni ya kwanza ya giza. Ni utaratibu unaofaa nchi iliyo karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na hatuko peke yetu. Waethiopia pia huhesabu hivyo. Lakini simu haihesabu hivyo. Inapofika saa 8:00 mchana, kioo cha simu huandika 14:00, au 2:00 ikiwa imepangwa kwa saa 12. Kwa mtu mzima aliyekulia kwenye redio, aliyezoea kurekebisha saa yake kwa taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku, kubadilisha kutoka hesabu moja kwenda nyingine si kazi. Ubongo hufanya bila kuombwa. Kwa kijana ambaye saa pekee anayoijua ni ile ya simu, tangazo linalosema “mkutano utaanza saa 2:00” bila neno la ziada lina majibu manne: asubuhi kwa Kiswahili, usiku kwa Kiswahili, 2:00 ya simu mchana, au 2:00 ya simu usiku wa manane. Mawili ya hayo ni upuuzi, lakini mawili yanawezekana.

Matangazo ya kidijiti yameongeza mkanganyiko kwa kuchanganya hesabu zote mbili katika ukurasa mmoja. Utakuta bango lenye “saa 3:00 asubuhi” juu na “mwisho wa maombi 23:59” chini. Mwandishi wa bango hakukosea popote. Kila sehemu ni sahihi kwa utaratibu wake. Msomaji ndiye anayetakiwa kubadilisha utaratibu katikati ya ukurasa. Saa 23:59 ni saa 5:59 usiku, na kuandika hivyo kunagharimu herufi chache tu.

Kuna pia jua lenyewe. Nchi yetu yote hutumia Saa ya Afrika Mashariki, iliyo mbele ya Greenwich kwa saa tatu, na inayokadiriwa kwa mstari wa nyuzi 45 Mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Itigi iko karibu na nyuzi 34 na nusu. Kila nyuzi moja ni dakika nne za mwendo wa jua. Kwa hiyo, kwa wastani wa mwaka, jua la Itigi hufika utosini yapata saa 6:42 mchana, na huchomoza takriban dakika 20 baada ya lile la Dar es Salaam. Mwezi Juni na Julai macheo ya Itigi hukaribia saa 1 kasorobo. Ratiba iliyoandikwa na mtu wa pwani ikisema “makabidhiano saa 12:00 asubuhi, alfajiri kukipambazuka”, huku Itigi saa hiyo bado ni giza, na mama anayetoka kitongojini peke yake analijua giza hilo kuliko mwandishi wa ratiba.

Ugumu mkubwa zaidi uko usiku. Mbio za Mwenge zina mkesha, na mkesha huvuka saa 6:00 usiku. Kwa simu, tarehe hubadilika hapo hapo. Kwa Kiswahili cha asili, siku huanza magharibi, jua likizama. Ndiyo maana wapo wazee, hasa wenye asili ya pwani na wanaofuata kalenda ya Kiislamu, ambao “usiku wa Ijumaa” kwao ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani ule ambao simu huuita Alhamisi. Vijana wengi wa bara wanauelewa kinyume chake. Tangazo la “mkesha usiku wa Jumamosi” linaweza basi kuwafikisha watu uwanjani katika nyakati mbili zilizoachana kwa saa 24, na kila kundi likaapa kuwa limesoma vizuri.

Mwenge wenyewe, kwa hakika, ulizaliwa katika mpaka huo. Ulipandishwa na kuwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Tanganyika ilipokuwa inapata Uhuru. Maneno “usiku wa kuamkia” ndiyo yaliyoiokoa lugha yetu katika mambo haya, na Serikali iliyatumia kwa ustadi mkubwa katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Wananchi hawakuulizwa nani aliishi hapa “Agosti 22” au “usiku wa Jumanne”. Waliulizwa nani alilala katika kaya usiku wa kuamkia Agosti 23, siku ya Sensa. Kazi ya kuhesabu iliendelea siku kadhaa baadaye, kwa vishikwambi, lakini usiku uliokuwa ukiulizwa ulibaki mmoja. Sensa hiyo ilihesabu watu 61,741,120 nchini, wakiwemo 2,008,058 wa Mkoa wa Singida. Yeyote anayetaka kujua namna ya kutangaza muda kwa taifa zima na kueleweka, asome upya matangazo ya miezi ile.

“Leo” ya nani?

Ujumbe wa maandishi una tabia nyingine ambayo ubao wa matangazo haukuwa nayo: husafiri bila tarehe yake. Mtendaji anaandika saa 1:00 asubuhi, “Wananchi mnatangaziwa kuwa leo saa 8:00 mchana kutakuwa na zoezi la chanjo ya mifugo.” Ujumbe unasambazwa. Mfugaji aliyeko machungani, mahali ambapo mtandao haushiki, anaupokea saa 2:00 usiku akirudi nyumbani. Au anaupokea kesho yake kutoka kwa shemeji yake, ukiwa umesambazwa upya. WhatsApp humwonyesha saa ambayo ujumbe ulitumwa kwake, siyo saa ulipoandikwa kwanza. “Leo” ya mtendaji imegeuka kuwa “leo” ya shemeji. Ng’ombe wanaswagwa hadi josho lisilo na mtu.

Kampuni ya WhatsApp yenyewe iliona hatari ya ujumbe unaosafiri bila asili yake. Mwaka 2019 iliweka ukomo wa kusambaza ujumbe kwa makundi au watu watano kwa mara moja duniani kote, na mwaka 2020 ikabana zaidi ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi. Hatua hizo zililenga uvumi. Haziwezi kumsaidia mtu aliyepokea ukweli wa jana.

Hali ni hiyohiyo kwa picha jongefu. Video ya Mwenge wa mwaka juzi ikirushwa leo bila maelezo, huonekana kama ya leo: bendera zilezile, sare zilezile, vumbi lilelile. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayechapisha taarifa za uongo kwa kukusudia kudanganya, lakini aliyesambaza video ya kweli ya mwaka mwingine kwa furaha tu hakukusudia kumdanganya mtu. Tiba yake ni nyepesi kuliko mahakama: ofisi inayorusha picha iandike tarehe, mwaka na mahali juu ya picha yenyewe, siyo katika maelezo ya pembeni yanayoachwa nyuma picha inapopakuliwa.

Saa ya kufunga

Kwa shughuli inayodumu, saa ya kufungua hupewa heshima yote na saa ya kufunga husahauliwa. Ingefaa iwe kinyume. Anayechelewa ufunguzi hukosa hotuba. Anayechelewa kufunga hukosa alichokijia.

Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi imeonyesha mfano katika uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura uliozinduliwa Kigoma Julai 2024. Kila eneo lilipewa siku saba, na vituo vilitangazwa kufunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 12:00 jioni. Saa mbili zilizo wazi, na idadi ya siku. Katika upigaji kura kuna kanuni iliyo bora zaidi: kituo hufungwa saa 10:00 jioni, lakini aliyekwisha kufika kwenye mstari saa hiyo hupiga kura hata kama zamu yake itafika baadaye. Kanuni hiyo inatofautisha muda wa mwananchi na muda wa ofisi. Mwananchi ametimiza wajibu wake kwa kufika; kasi ya mstari si deni lake.

Inafaa kuuliza kwa nini kanuni hiyo isienee katika huduma nyingine za siku kadhaa: kambi za madaktari bingwa zinazofika katika halmashauri, kliniki za ardhi, msaada wa kisheria, usajili wa vitambulisho. Mgonjwa wa Mwamagembe anayefika Itigi siku ya mwisho saa 9:00 alasiri baada ya safari ndefu anahitaji kujua jambo moja kabla ya kulipa nauli: je, mstari utakatwa saa ngapi? Tangazo linalosema kambi itakuwepo “kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa” halimjibu. Na mtandao ukimjibu kwa picha ya mstari mrefu iliyorushwa Jumatano, anaweza kukata tamaa wakati siku ya Ijumaa mstari ulikuwa mfupi.

Nje ya mipaka yetu lipo tukio ambalo liliwafundisha mamilioni ya watu tofauti kati ya saa ya umati na saa ya kumbukumbu. Mei 2023 jijini Lagos, Nigeria, mpishi Hilda Baci alipika mfululizo akilenga saa 100, huku Afrika nzima ikihesabu naye mitandaoni. Watu walisherehekea saa 100. Guinness World Records walipomaliza kukagua ushahidi waliandika saa 93 na dakika 11, kwa kuwa mapumziko yake mojawapo yalizidi dakika zilizoruhusiwa na karibu saa saba zikaondolewa. Ilibaki kuwa rekodi ya dunia wakati ule. Umati haukuwa umedanganya. Ulikuwa ukihesabu kitu kingine. Ndivyo inavyokuwa kwa mwananchi anayehesabu siku saba kuanzia alipoona tangazo, wakati ofisi inahesabu kuanzia kituo kilipofunguliwa.

Kinachowezekana kwa halmashauri

Yapo mambo ya kuzingatia kabla ya kudai kila dakika itangazwe. Misafara ya viongozi ina masuala ya usalama, na si busara kuweka hadharani kila kona ya njia. Barabara nayo haitii ratiba. Lakini hakuna usalama unaovunjwa kwa kusema “kati ya saa 7:00 na saa 9:00 mchana” badala ya kuandika saa 4:00 asubuhi ambayo hakuna anayeiamini. Muda wenye mipaka miwili ni mkweli zaidi, na unamwachia mkulima asubuhi yake.

Kwa lugha, fikiria tangazo lililozoeleka: “Wananchi wote mnaalikwa kwenye mkesha wa Mwenge kesho usiku kuanzia saa 1.” Sasa fikiria hili: “Mkesha wa Mwenge wa Uhuru utafanyika usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi. Utaanza Jumatano saa 1:00 usiku (19:00) na kumalizika Alhamisi saa 11:00 alfajiri (05:00). Tangazo hili limetolewa Jumatatu.” Likiongezwa tarehe kamili, ni refu kidogo, na halina uzuri wowote wa kimaandishi. Lakini likisambazwa mara mia na kusomwa na mtu wa mia baada ya siku mbili, bado linasema kilekile. Mkesha nao ukigawanywa kwa vipindi katika tangazo, upimaji wa afya saa fulani, michezo ya kuigiza saa fulani, hata mwenye mtoto mchanga ataweza kuchagua saa moja ya kuja badala ya kuchagua kati ya usiku wote na kutokuja.

Tangu tovuti za mikoa na halmashauri zilipozinduliwa mwaka 2017, maofisa habari wamepata mahali pa kuweka toleo rasmi la kila tangazo. Tovuti hiyo isiachwe kuwa ghala la picha za matukio yaliyokwisha. Ikiwa muda umebadilika, toleo jipya liwekwe hapo kwanza, likionyesha saa lilipobadilishwa, kisha ndipo lisambazwe katika makundi. Na lile la zamani lisifutwe kimyakimya, kwa sababu limeshahifadhiwa kwenye simu za watu. Liandikwe tu kwamba limebadilishwa.

Hayo yote ni kwa wenye simu janja. Waliobaki wana simu za kitochi, na simu ya kitochi hupokea sauti na ujumbe mfupi vizuri kabisa. Siku ya msafara, ofisi ya halmashauri hujua kabla ya mtu yeyote kwamba ratiba imesogea. Simu moja kwa mtendaji wa kata iliyo mwisho kwenye ratiba, saa 5:00 asubuhi, ikimwambia kuwa msafara hautafika kabla ya saa 9:00 alasiri, ingetosha kuwaondoa wanafunzi barabarani na kuwarudisha darasani kwa vipindi vinne.